Nanaa inaota ukungu kivulini na kupauka juani: nikaushe vipi Mombasa?

Swali: Naishi Kisauni, si mbali na ufuo. Juu ya slabu ya nyumba nimepanda mchaichai, nanaa, rihani na rozimari kwenye ndoo na mitungi mikuukuu. Yamestawi kuliko tunavyoweza kutumia, nikaona niyakaushe. Kwanza niliyaanika kwenye ungo juani, yakapauka na harufu ikapotea. Mara ya pili nikafunga vitita nikavitundika jikoni kivulini. Baada ya wiki moja nanaa ikawa na ukungu mweupe katikati ya kitita. Jirani ananiambia bila mashine ya umeme hapa Mombasa hukaushi kitu. Je, ni kweli? Na ile nanaa, nikiondoa sehemu mbovu si itatumika? — Msomaji, Kisauni

Jibu: Dadangu, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo lenye madhara. Hiyo nanaa itupe yote, pamoja na vijiti vilivyoonekana vizima. Ule weupe ni sehemu ya ukungu iliyojitokeza tu. Nyuzi zake huwa zimeshatambaa mbali zaidi ya pale jicho linapoona, na baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Mwaka 2004 aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo za kuvu, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, watu waliokula mahindi yaliyohifadhiwa kabla hayajakauka vizuri. Sisemi nanaa yako ina sumu hiyo. Nasema jikoni huna namna ya kujua, na fungu moja la nanaa halistahili kubahatishiwa tumbo la mtoto.

Jirani yako hajasema kweli, ila naelewa alikotoa maneno hayo. Ushauri wa kutundika vitita kivulini wiki mbili unafaa sana sehemu kavu, na ukiufuata Mombasa bila kuugeuza utapata kile ulichokipata. Hapa joto tunalo la kutosha mwaka mzima. Kinachotukwamisha ni unyevu wa hewa. Hewa yetu ni kama kitambaa cha kupangusia ambacho tayari kimelowa: ukipitisha juu ya meza, maji yanabaki palepale.

Nikupe hesabu yake, maana ukiielewa utaweza kutengeneza kikaushio kwa chochote ulicho nacho nyumbani. Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Mchana wa kawaida wa Mombasa hewa hiyo huwa imeshabeba gramu 21 au zaidi, yaani imejaa kwa asilimia 70, na usiku hujaa zaidi ya hapo. Nafasi iliyobaki ya kupokea maji ya majani yako ni ndogo. Sasa ichukue hewa ileile uipashe moto hadi nyuzi 45. Maji yaliyomo hayakuongezeka, lakini uwezo wake wa kubeba umepanda hadi gramu 65 hivi. Ghafla ile hewa iliyokuwa imejaa kwa asilimia 70 imejaa kwa thuluthi moja tu, nayo ina kiu ya maji. Umeipata hewa ya jangwani Kisauni, kwa kuipasha nyuzi 15 tu.

Kwa nini basi juani moja kwa moja haikufaa, ilhali jua linapasha? Kwa sababu mwanga wenyewe unaharibu. Rangi ya kijani ya jani huvunjwa na mwanga mkali, na mafuta yenye harufu hutoroka jani likichomwa. Jani jembamba lililolala kwenye ungo wakati wa adhuhuri hupata joto kupita hata hewa inayolizunguka. Harufu ya nanaa, ya rihani na ya mchaichai yote imo kwenye mafuta hayo, na jani likipita nyuzi 45 au 50 yanaruka kwa wingi. Unachotaka ni joto la jua lifike kwa majani bila mwanga wake, na hewa iwe inapita muda wote.

Kabla ya kifaa, jifunze kuisoma siku. Weka kijiko kimoja cha chumvi ya mezani kwenye kisahani, mahali unapokusudia kukaushia, penye kivuli. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, ndiyo sababu watu wa pwani hutia punje za mchele kwenye kikopo cha chumvi. Saa tatu asubuhi kiguse kile kisahani. Punje zikiteleza vidoleni moja moja, anza kazi. Zikiwa zimeshikana na kung'aa, ngoja mpaka zikauke zenyewe kwa joto la mchana, na zisipokauka hadi saa tano iache kazi siku hiyo. Hicho ni kipimo cha kuaminika, na hakikugharimu shilingi.

Majira nayo yana neno. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, ndipo pa kukaushia akiba ya mwaka, hasa Januari na Februari ambapo mvua ni haba. Masika yakiingia Aprili, na Mei ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote, usijisumbue. Katikati ya mwaka wakati wa kusi kuna siku nzuri nyingi, lakini chungulia chumvi yako kwanza.

Jambo jingine ambalo watu wa karibu na bahari hawaambiwi: majani yako yana chumvi juu yake. Upepo wa ufuoni huleta matone madogo ya maji ya bahari, yakikauka juu ya jani yanaacha chumvi, na chumvi ile itaendelea kuvuta unyevu hata ndani ya chupa. Basi yaoshe majani, na usiyaoshe kwa maji ya kisima ikiwa kisima chenu ni cha chumvi kama vilivyo vingi huku kwetu. Kama maji ya bomba ni ya shida, osha kwa ya kisima ukipenda, lakini msuuzo wa mwisho uwe wa maji matamu. Kisha yakung'ute na uyatandaze juu ya kanga kavu hadi matone yote yaishe. Njia rahisi zaidi ni kuumwagilia mmea wenyewe maji matamu kutoka juu jioni ya kuamkia siku ya kukata, ukakata asubuhi umande ukishakauka. Saa tatu au saa tatu na nusu ni wakati mzuri, jua bado halijawa kali. Nanaa na rihani zikate kabla hazijatoa maua.

Sasa vifaa. Nitakueleza viwili, na ningekushauri uanze na cha kwanza hata kama una uwezo wa cha pili.

Cha kwanza ni kichanja chenye kaniki. Ungo uachie kazi yake ya kupepetea, kwa sababu umesukwa ukabana na hewa haipiti chini ya majani. Tengeneza fremu ya mbao za mbili kwa moja, urefu sentimita 90 na upana 60, uweze kuibeba peke yako mvua ikikushtua. Itandie wavu mwembamba, uvute ukaze, upigilie misumari midogo kila baada ya vidole vinne. Iweke juu ya matofali manne, iinuke sentimita 30 hivi kutoka kwenye slabu. Ile slabu inayochoma nyayo mchana ni jiko lako la bure: inaipasha hewa kutoka chini, na hewa moto inapanda yenyewe kupitia wavu. Juu ya fremu pindisha waya mnene au vipande vya mpira wa maji, upinde huku na upinde kule, halafu funika kaniki juu yake ikae kama kiganja kimoja kutoka kwenye majani. Ibane kando kwa vibanio vya nguo. Ncha mbili za mwisho ziache wazi kidogo upepo upite.

Kaniki ni nyeusi, kwa hiyo inameza jua na kuwa moto, inaipasha hewa iliyo chini yake, na majani yanabaki gizani. Na kwa kuwa ni pamba, mvuke unapenya ukatoka. Buibui kuukuu litafanya kazi pia, ila vitambaa vingi vya mabuibui havipitishi mvuke vizuri, hivyo hapo acha ncha wazi zaidi. Kaniki mpya ifue mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, maana rangi yake huchuja.

Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: wavu huo usiwe chandarua cha kulalia. Vyandarua vinavyogawiwa zahanati na kliniki za wajawazito vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haiishi kwa kufuliwa mara moja mbili. Majani unayoyakausha utayatia kwenye chai. Nenda dukani ununue wavu mtupu wa plastiki au wa kitambaa usio na dawa, hata shela nyeupe nyepesi inafaa.

Cha pili ni sanduku lenye kipasha hewa, kwa siku utakapokuwa na majani mengi. Lina sehemu mbili. Ya kwanza ni sanduku bapa la mbao, urefu mita moja, upana sentimita 60, kina sentimita 10. Ndani yake, chini, laza bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na juu funika kwa kioo cha dirisha kuukuu. Ncha zake mbili ziko wazi. Liegemeze mshazari, hewa iingie kwa chini, ipite kati ya bati na kioo ikipata moto, itoke kwa juu. Ya pili ni kabati lililofungwa pande zote, nalo linapokea hewa hiyo moto kwa chini yake. Ndani panga trei tatu za wavu, moja juu ya nyingine, nafasi ya sentimita 15 kati yake. Juu kabisa pawe na tundu la kutokea hewa, lisiwe dogo kuliko mdomo wa kuingilia, na lipate kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Matundu yote yazibe kwa wavu, nzi na mende wasipate njia.

Watu hujiuliza sana juu ya kuelekea jua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo mwelekeo haukupotezei mengi. Ule mshazari wa nyuzi 15 au 20 ni kwa ajili ya hewa kupanda. Mdomo wa kuingilia uelekeze kule upepo unakotoka, kaskazini mashariki wakati wa kaskazi na kusini mashariki wakati wa kusi. Fundi yeyote wa jua kali atakuundia ukimchorea, lakini msimamie kwenye mambo mawili: asitumie mbao zilizopakwa dizeli au dawa ya mchwa, na rangi nyeusi ikishapakwa sanduku likae juani tupu siku kadhaa hadi lisinuke kabisa. Majani ya viungo hunyonya harufu ya kila kilicho jirani. Kwa sababu hiyohiyo usitumie katoni iliyobebea sabuni wala samaki.

Tandaza majani safu moja, yasipandane. Kilo moja hivi ya majani mabichi kwa kila mita moja ya mraba inatosha, na tamaa ya kujaza ndiyo inayoleta weusi. Weka kipimajoto kwenye trei ya chini. Kikipita nyuzi 45, fungua mlango wa kabati kidogo. Trei ya chini hukauka mapema, basi zibadilishane nafasi baada ya adhuhuri.

Jioni ndipo wengi wanapopoteza kazi ya mchana. Ikishaadhiniwa alasiri, hewa inaanza kupoa na unyevu kupanda, na kufikia magharibi majani yaliyokaribia kukauka yanaanza kunywa tena. Usiyaache kwenye kichanja yalale nje. Yakusanye yakiwa bado na joto la jua, yatie kwenye kopo kubwa la bati lenye kifuniko au ndoo yenye kifuniko, yalale humo, asubuhi chumvi ikikuruhusu uyatandaze tena. Nanaa wakati wa kaskazi humalizika siku moja au mbili.

Utajuaje yamekauka? Jani lisugue kati ya vidole, livunjike likawa unga bila kujikunja. Shina ulikunje: likipinda bado, likikatika kwa mlio limekauka. Ukiwa na mizani ya jikoni fanya vizuri zaidi. Gramu 500 za nanaa mbichi humalizikia kwenye gramu 80 hadi 100, na ukipima mara mbili kwa tofauti ya saa nzima kikaushioni bila uzito kubadilika, kazi imekwisha. Kisha mtihani wa mwisho: tia kwenye chupa ya kioo kavu, funga, iache hadi kesho yake. Kioo kikiwa na ukungu wa mvuke ndani, au majani yaliyokuwa yakikatika yamelegea, unyevu ulikuwa umejificha mashinani. Yarudishe kikaushioni siku hiyohiyo.

Ufungaji ufanye mchana, kati ya saa sita na saa tisa, siyo usiku baada ya kazi za nyumba. Majani makavu yaliyoachwa wazi usiku mmoja Mombasa hulegea tena. Chupa za kioo zenye vifuniko vya kubana ndizo bora. Mifuko ya nailoni tangu tarehe 28 Agosti 2017 imepigwa marufuku nchini, na hata kabla ya hapo ile myembamba haikuwa ikizuia unyevu. Hifadhi jani zima, ulisage siku ya kutumia, kwa sababu unga hupoteza harufu upesi. Chini ya chupa waweza kutia kijitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu na kupozwa, unasaidia kunyonya unyevu unaoingia kila unapofungua. Chupa iwe kabatini gizani, mbali na jiko, iandikwe tarehe. Ndani ya mwaka mmoja iishe.

Kuhusu miti yako mmoja mmoja. Mchaichai ni mwepesi kuliko yote: ukate kiganja kimoja juu ya ardhi uchipue tena, majani yakatekate vipande vya sentimita mbili au tatu kwa mkasi mkali, hata kichanja cha kaniki kinatosha. Rozimari ina majani magumu yenye mafuta mengi, inavumilia, na siku za kaskazi unaweza hata kuitundika vitita vidogo mahali penye upepo. Nanaa kausha na vijiti vyake, uchambue ikishakauka, kwa sababu majani yakichambuliwa mabichi huchubuka.

Rihani ndiyo itakayokusumbua. Jani lake likiguswa vibaya huwa jeusi, kwani mchubuko hufungulia kimeng'enya kinachoibadilisha rangi papo hapo, kama tunda la tufaha lililokatwa. Usilikate, usilikunje, lipeleke kwenye joto mara baada ya kuchumwa, na lipewe trei ya chini penye moto zaidi ili likauke kabla weusi haujapata muda. Wengine huchovya kwenye maji yanayochemka sekunde chache kisha kwenye maji baridi, rangi inabaki nzuri sana, ila sehemu ya harufu inabaki kwenye maji. Mimi huchagua harufu.

Masika yakikukuta na nanaa imejaa ndoo, usiwashe jiko la makaa chini ya trei, moshi utaingia kwenye jani usitoke. Ovena ya gesi nayo, hata ikipunguzwa mwisho, mara nyingi ni moto mno. Kama mna friji ya aina isiyogandisha barafu kutani, hewa ndani yake ni kavu mno. Tandaza majani juu ya karatasi safi bila kufunika, kwenye rafu isiyo na samaki wala kitunguu, uyaache siku kadhaa, na utaona yanakauka yakiwa kijani kabisa. Hiyo haihitaji umeme zaidi ya ule mnaotumia tayari. Feni pekee haisaidii siku za mvua, kwani inasukuma hewa ileile iliyolowa.

Upimaji jikoni nao unabadilika. Pale ulipokuwa ukitia vijiko vitatu vya nanaa mbichi kwenye biriani, tia kimoja cha kavu, ukikisugua viganjani juu ya sufuria. Na ikiwa ulikuwa unafikiria kupanda dania kwa ajili ya kukausha majani yake, usipande kwa nia hiyo. Jani la dania likikauka linabaki rangi tu. Liache litoe mbegu, uzikaushe mbegu, na majani mabichi yasage na ndimu na chumvi uyagandishe kwenye friji.